Mahali Iko Tayali

"Mahali iko tayali! Makoye mwenyewe kasema iko tayali! Unataka nini tena?"

"Nataka kuiona! Sihamii nyumba ambayo sijatia mguu!"

"Nani kaongelea nyumba? Mimi naongea mahali, wewe unaongea nyumba!"

"Kwani nyumba si mahali? Eti Sufiani, nyumba si mahali?"

Mi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo pale mlangoni, nafunga kamba za buti. Nikawaambia msiniingize, nachelewa kazini. Mdogo wangu Safiya alikuwa amejifunika kanga gubigubi, anajifanya amelala, wakati shule wanaingia saa moja na ilishapita.

"Umemsikia mwanao?" Mama akasema. "Hata yeye hajui anahamia wapi."

"Hayo hayaongelewi mbele yake," mzee akasema. "Na tena hayo si ya kuonwa na wanawake. Yanaonwa na wazee."

"Haa! Nyumba nikae mimi, nipike mimi, nifagie mimi, akaione mzee?"

Mzee akachukua gunia lake la viatu vya mitumba, akalibwaga chini, akalichukua tena. Nikajua hapo kakasirika kweli. Mzee wangu akiwa ametulia anaongea Kiswahili kama wewe na mimi, maana Katoro yupo tangu kabla sijazaliwa. Akipandisha sauti tu, herufi R inamkimbia. Tayari inakuwa tayali, Katoro inakuwa Katolo. Kwao ni Kishapu, karibu na Mhunze, na huko ndivyo wanavyoongea wote. Jina lake la kuzaliwa ni Mageni. Abdul alipewa siku aliyosilimu ili amuoe mama, ambaye kwao ni watu wa Tabora, wafanyabiashara, Waislamu wa tangu babu na babu. Mama anaitwa Chiku. Kisukuma anajua kusalimia tu, akijibiwa zaidi ya salamu anacheka.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Tunakaa Katoro, chumba na sebule, nyuma ya soko. Katoro dhahabu ikipanda kila kitu kinapanda, mpaka nyanya. Hatuchimbi wote, ila bei tunanunua wote ile ile ya mtu aliyetoka kuuza dhahabu asubuhi. Mwenye nyumba akaja kusema kuna mnunuzi wa dhahabu anaitaka sehemu yetu, analipa mwaka mzima mbele, kwa hiyo sisi tupande tufike pale au tupishe. Mama badala ya kubembeleza akamjibu palepale: mwisho wa mwezi tunakupisha, usitutishe. Mzee hakuwepo. Aliporudi akakuta ameshahamishwa.

Mama ndio akapiga simu Mhunze, kwa baba mdogo Makoye, kumwomba atuangalizie mahali. Zikapita siku kidogo baba mdogo akatuma sauti WhatsApp kwenye simu ya mama, maana mzee ana simu ya batani. Tukaisikiliza wote: "Shemeji, habali za Katolo. Mwambie kaka, ile mahali ya Sufiani iko tayali. Waje waone." Basi. Mama akafurahi, akasema kwao nyumba inaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, si unaona hata mimi naitwa Mama Sufiani. Mzee naye akafurahi, cha ajabu, maana mwanzo alikuwa hataki kusikia habari ya kuhama. Alikuwa anasema Mhunze nani atanunua kiatu? Watu wanasubiri wauze pamba ndio wavae. Ila aliposikia ile sauti akasema vizuri sana, tutakwenda.

Mama akasikia tutahama. Mzee alisema tutakwenda. Hapo ndo palipoanzia ugomvi wote, ila wakati huo hakuna aliyejua.

Na mimi niseme ya kwangu mapema. Mi nilikuwa sitaki kwenda kokote. Nimemaliza form four mwaka jana, nimepata four ya mwisho mwisho, shule siirudii, bodaboda nilijaribu nikaona nitakufa. Sasa hivi nipo kwa Cornel. Cornel ana karasha mbili, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kule kwenye mialo wanakooshea dhahabu, zinapiga kelele mpaka meno yanacheza. Nilianza kubeba mawe. Siku moja mkanda ukakatika, fundi hayupo, nikaunga mimi, mashine ikapiga mpaka jioni. Tangu siku hiyo Cornel hanibebeshi mawe. Ananifundisha kuchomelea, na kasema mashine ya pili itakuwa mikononi mwangu, na stoo yake nikitaka kulala nilale. Nikienda Mhunze naenda kusikiliza mashine gani? Ya kusaga unga?

Nilishamwambia mama. Alinijibu bila hata kunitazama, anapitisha uzi kwenye sindano: "Nahama na wanangu wawili, cherehani yangu na masufuria yangu. Kimoja kikibaki, sihami."

Basi siku hiyo ya kelele mama ndo akatoa uamuzi. Akavua tepu shingoni, ile ya kupimia nguo, akanirushia.

"We ulisoma. Nenda na baba yako, ukaipime. Mbele nataka paingie cherehani, meza ya kukatia na mteja wa kukaa. Pasipotosha niambie hapatoshi. Mi siwezi kwenda, nina sare za shule za watu."

"Kazi je?"

"Cornel nitamwambia mimi. Atakataa nini, kakuzaa?"

Mzee akasema, "Sufiani kuja ni sawa. Yeye lazima aje." Akasema kwa upole kabisa, R zote zimerudi. Nikashangaa.

*

Tulipita Kahama, tukashuka Shinyanga mjini, mzee akanunua sukari na sabuni za kwenda nazo, tukapata gari ya Mhunze. Ukishakata kona Kolandoto, nchi inakuwa bapa, unaona mbali mpaka unachoka kuona. Mashamba ya pamba, dengu, mkonge mmoja mmoja. Mzee alikuwa anachungulia dirishani anatabasamu mwenyewe. Sijawahi kumwona hivyo Katoro.

Bibi alitupokea kwa vigelegele. Nikampa shikamoo, akanishika mabega, akanizungusha kama anataka kuninunua.

"Leo nimeona ngosha!" akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Ngosha ndo mwanaume. Mi nikajua ananisifia urefu.

Jogoo akachinjwa. Tukaletewa ugali wa mtama, mlenda, na kuku mzima kwa watu watatu. Kwetu Katoro kuku tunakula Idi. Baba mdogo Makoye ni mtu mkubwa, ana sauti ya kuita ng'ombe hata akiwa anakunong'oneza. Alikuwa ananiangalia anacheka, anamwambia mzee maneno ya Kisukuma, mzee anacheka, bibi anacheka. Mi nakula tu.

Nikauliza bei za vitu, maana mama alinituma niulize. Baba mdogo akasema kodi tunayolipa Katolo, hapa unapanga nyumba nzima na uwanja, na mwenye nyumba anakusalimia wewe kwanza. Nikasema kichwani, mama hapa harudi nyuma. Na mimi nimekwisha.

Asubuhi baada ya chai na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, baba mdogo akasema, "Haya, twende ukaione."

Nikachukua tepu.

Tukazunguka nyuma ya nyumba. Nikafikiri tunapita njia ya mkato. Tukasimama kwenye zizi. Baba mdogo akaitazama tepu mkononi mwangu.

"Ya nini hiyo?"

"Ya mama. Kanituma nipime mahali."

Akamtazama mzee. Mzee akatazama upande mwingine, anakohoa.

"Mahali haipimwi, Sufiani," baba mdogo akasema. "Mahali inahesabiwa."

Akavuta ule mti wa mlangoni. Wakaanza kutoka, mmoja mmoja, mwekundu, mweusi mwenye baka, mwingine pembe imeangalia chini. "Hesabu," akaniambia. Nikahesabu kwa sababu nimeambiwa nihesabu. Walikuwa kumi na nne, na ndama anarukaruka pembeni.

"Wazuri," nikasema. "Sasa nyumba iko wapi?"

"Nyumba gani?"

"Ya kuhamia."

"Nani anahama?"

Tukatazamana. Ng'ombe mmoja akaja kunusa tepu. Ndo nikaanza kusikia ile sauti ya WhatsApp upya kichwani, neno kwa neno. Mahali ya Sufiani. Habali. Katolo. Tayali.

"Baba mdogo. Unasema mahali, au mahari?"

"Ndiyo. Mahali."

"Mahali pa kukaa watu, au mahari ya kuolea?"

"Ya kuolea! Mahali ya kukaa watu, ng'ombe za nini?"

Nilikaa chini. Baba mdogo akadhani nimezidiwa na furaha, akanipigapiga mgongoni.

"Si mama yako ndiye aliomba! Alinipigia mwenyewe. Akasema, shemeji, hapa Katolo pametushinda, kijana naye kamaliza shule yuko yuko tu, naomba mtuangalizie mahali huko kwenu. Nikamwambia bibi yako. Bibi yako alilia. Akasema kumbe yule mama wa mjini ana akili, miaka yote nilimwonea."

Nikamgeukia mzee. "We ulijua?"

"Nilijua mama yako kakubali," mzee akasema. "Nilishangaa. Ila nikashukuru, nikanyamaza. Kikwetu kijana haambiwi mpaka mambo yakamilike."

"Na ugomvi wote ule wa nyumba?"

"Mimi nilidhani anataka akujengee nyumba ya kuishi na mke, na yeye ahamie humo humo. Nikasema huyu mwanamke ana haraka gani."

Kumbe wale ng'ombe mwanzo walikuwa wa mzee mwenyewe. Babu aliwaweka kwa ajili ya mzee akitaka kuoa. Mzee akaenda mjini, akampenda mtoto wa watu wa Tabora, na wale hawakutaka ng'ombe. Walitaka msahafu na cherehani. Mzee akatafuta mwenyewe, akanunua, akaoa. Ng'ombe wakabaki zizini wanazaana, wanakufa, wanazaana. Babu kabla hajafariki akasema basi ni za mtoto wa kiume wa kwanza wa Mageni. Ndo mimi.

Mke mwenyewe walishamwona. Binti wa mzee Pantaleo, wa kijiji cha jirani, mchapakazi, dini si tatizo atasilimu, na mimi nitapewa eneo la kulima pamba. Baada ya mavuno tunamaliza.

"Sitaki," nikasema.

Nilijiandaa kupigwa. Baba mdogo wala hakukunja uso. "Hujaambiwa utake leo. Ng'ombe haziendi kokote. Ukitaka mwakani, utazikuta. Ukitaka ukiwa na mvi, utazikuta na wajukuu zao."

"Ni zangu kabisa?"

"Zako."

"Mzee hawezi kuuza?"

"Baba yako hawezi kuuza hata mkia. Wala mimi. Babu yako alisema mbele ya watu." Bibi alikuwa ameshafika, anatikisa kichwa kukubali. Baba mdogo akamtafsiria swali langu, bibi akasema kitu kirefu. Nikauliza kasema nini. "Kasema zako mpaka utakapozitoa mwenyewe kwa mdomo wako."

Basi nikawa mtu mwenye ng'ombe kumi na nne, na familia yangu haina pa kulala mwisho wa mwezi.

Mchana baba mdogo akanitembeza Mhunze, labda nibadilishe mawazo. Mji mdogo, ofisi za wilaya, soko, maduka, hakuna mtu anayekimbia. Tukielekea sokoni tukapita pagala moja, limejengwa mpaka kwenye linta, halina bati, majani yameota sebuleni. Chumba cha mbele kimeangalia barabara kabisa. Baba mdogo akaongea tu, kama anavyoongelea kila kitu: "Hii ya mwalimu mmoja, kahamia Maswa. Anauza, ila hataki hela. Anasema hela ikiingia mfukoni inaisha. Anataka ng'ombe."

Nikasimama. Nikaingia ndani, nikakanyaga yale majani, nikatoa tepu. Tepu ya mama ni fupi, inabidi uweke kidole, uanze tena. Nikapima ukuta mpaka ukuta. Nikasimama pale cherehani ingekaa, nikatazama barabarani. Mteja angeiona.

Mzee alikuwa nje, mikono nyuma.

"Unapima nini?"

"Mahali," nikasema.

Tukirudi, pale Shinyanga akaninunulia soda bila kuniuliza naitaka ipi.

*

Mama tulimkuta ameshafunga masufuria kwenye shuka. Cherehani tu ndo ilikuwa bado wazi, anamalizia kola. Safiya alikuwa anatenganisha madaftari yake, ya kwenda nayo na ya kufungia maandazi.

"Haya, niambieni. Mbele panatosha?"

Mzee akakaa kwenye gunia la viatu, akaniachia mimi niseme. Nikasema yote. Simu aliyopiga yeye, zizi, mahali haipimwi inahesabiwa, bibi kulia, binti wa Pantaleo. Nilipofika pale nilipokaa chini mbele ya ng'ombe, mama alicheka mpaka akashika ukuta. Safiya naye akacheka, akasema kaka umeoa, kaka umeoa, akapigwa na kitambaa.

"Yaani nimemposea mwanangu kwa simu!" mama akasema. "Mimi! Kwa dakika za bando!"

Halafu kicheko kikakatika. Akayatazama masufuria.

"Kwa hiyo hakuna nyumba."

"Hakuna," mzee akasema.

"Na jana yule mnunuzi wa dhahabu kaja hapa na fundi wake, anapima mlango aweke geti la chuma. Nikamkaribisha. Nikamwambia pima, baba, jisikie nyumbani."

Nje mtu alikuwa anatangaza dagaa kwa spika.

"Basi wauzwe hao ng'ombe," mama akasema. "Kumi na nne, Baba Sufiani. Tukose pa kulala tuna ng'ombe kumi na nne?"

"Si zangu."

"Si za baba yako?"

"Za mtoto. Ni mahali yake. Mahali ya mtu haiuzwi wazazi wakalala ndani yake!"

"Ona, R imeanza kukimbia! Ya kwangu je? Mahari yangu ni ipi?" Akaipiga cherehani kofi ubavuni. "Si hii? Imekaa zizini hii? Nani kalipiwa ada na hii? Nani kalishwa na hii viatu vilipokuwa haviendi?"

"Hiyo ilikuwa yako! Ukafanya ulivyotaka!"

"Na hao ni wa nani?"

"Wa Sufiani!"

Wakanigeukia wote wawili, kama ndo wameniona sasa hivi.

Mi nilikuwa nimeyafikiria yale maneno tangu Kahama, nilikuwa nimeyapanga vizuri. Yalivyotoka hayakutoka vizuri. Nikasema kuna pagala. Nikasema njia ya sokoni, linalindwa na majani tu, mwenyewe anataka ng'ombe. Nikamwambia mama upana wa chumba cha mbele, nikamwambia cherehani inaingia, meza inaingia, mteja anakaa na mtoto wake. Wengine wanauzwa, tunanunua bati.

"Nawatoa," nikasema. "Wote. Ila mi nabaki Katoro."

Mama akauweka mkasi chini. "Unasema?"

"Nabaki kwa Cornel. Stoo ipo."

"Ndo biashara gani hiyo? Nikupe mtoto, unipe kuta?"

"Sio biashara, mama. Kubaki nabaki hata mkikataa. Ila nyie mtakuwa wapi?"

"Nilishasema. Kimoja kikibaki, sihami."

"Ulisema wakati una pa kukaa."

Hilo lilikuwa kali, niliona lilivyoingia. Mama akaanza kukunja ile sare iliyokuwa haijaisha, akaikunjua, akaikunja.

Mzee alikuwa anatazama mikono yake. "Sufiani," akasema, taratibu kabisa. "Zile ni jasho la babu yako. Ukizitoa leo, zimetoka. Siku ukitaka mke usije kunitazama usoni. Sitakuwa na kitu. Utajitafutia mwenyewe."

"Sawa."

"Usiseme sawa haraka."

"Mbona we ulijitafutia? Cherehani alikununulia nani?"

Mama akamtazama mzee. Mzee akaitazama cherehani. Akatoa simu yake ya batani, akanipa.

"Mpigie Makoye. Utamwambia wewe. Mimi mdomo wangu haumo."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Baba mdogo akapokea kwa sauti ile ile ya ng'ombe, tukasikia na mbuzi nyuma yake.

"Baba mdogo, shikamoo. Nimeamua. Mahari naitoa. Nataka mahali."

"Malahaba. Unatoa mahali unataka mahali?"

"Mahari itoke, mahali paingie."

"Sasa si kitu hicho hicho?"

Safiya akaingiza kichwa kwenye kanga. Hata mama mdomo ulimcheza.

"Baba mdogo, sikiliza. Ng'ombe. Mwalimu wa pagala. Mpe ng'ombe, atupe pagala. Mama ahamie hapo."

"Ooh! Sasa umesema!" Tulimsikia anaongea Kisukuma na mtu, sauti ya kizee ikamjibu, ndefu. Mzee akainamisha kichwa anasikiliza. Hakututafsiria. Baba mdogo akarudi. "Bibi yako anasema umetoa kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

"Baba yako yupo?"

"Nipo," mzee akasema.

"Basi. Na binti wa Pantaleo aambiwe nini?"

"Aambiwe asinisubiri."

"Hakuwa anakusubili," baba mdogo akasema. "Ulikuwa bado hujaambiwa wewe, ataambiwa yeye?" Akakata.

Nikamrudishia mzee simu yake. Nikamrudishia na mama tepu. Hakuipokea, nikaivisha kichwani pa cherehani, pale anapoitundikaga. Nilikuwa nangoja aseme kitu. Alisema, "Stoo ya Cornel ina dirisha?"

"Lipo dogo."

"Uliweke wavu. Mbu wa mwaloni wanang'ata mpaka kwenye jinzi."

"Nitaweka."

"Na Idi uje."

"Nitakuja, mama."

"Usije mikono mitupu, ukasema ng'ombe ulishatoa."

Mzee akacheka puani. Akafungua gunia, akachakura mpaka chini, akatoa buti za kazi, za ngozi, bado nzima, zile ambazo huwa anazificha asiziuze kwa bei mbaya. Akazitupa miguuni kwangu. Ya kulia ilikuwa inabana kidogo. Sikumwambia.

"Kaka," Safiya akasema kutoka kwenye kanga, "nikija likizo nitalala wapi?"

"Juu ya karasha," nikamwambia. "Utalala vizuri, inabembeleza."

Mchana ulikuwa umeshasogea na Cornel alisema mashine ya pili inawashwa siku hiyo, nikiwepo au nisipokuwepo. Nikafunga zile buti. Mama alishakaa kwenye cherehani, anaikanyaga, anamaliza ile kola, na mzee alikuwa anamuuliza mabati mangapi yatatosha, mama anamwambia aniulize mimi nilipima, mzee anamwambia muulize wewe. Mlango wetu unakwaruza chini, lazima uunyanyue kidogo ndo ufunge. Nikatoka, nikaunyanyua, nikaufunga.